Lenzi za Kutupa: Jinsi ya Kuchagua Zinazolingana na Jicho Lako na Maisha Yako

Nyumbani kwetu hakitupwi kitu. Ukifungua friji ukaona kopo la aiskrimu, usifurahi, ndani yake kuna maharage. Mifuko hukunjwa ikawekwa chini ya godoro, na dawa ya meno ikikaribia kwisha hukatwa katikati ili ukutani mwake pakombwe. Kwa malezi hayo ndiyo nilianza kuvaa lenzi za macho. Niliuziwa boksi la lenzi za siku moja, nikawa navaa jozi moja siku nne, usiku nailaza kwenye kifuniko cha chupa chenye maji ya kunywa, tena najiona mjanja. Wiki ya tatu niliamka jicho la kushoto jekundu, linachoma, na taa ya chumbani siwezi kuitazama. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Boksi linasema hizi ni za siku ngapi?" Sikujibu. Siku za mwanzo niliweka dawa ya matone kila saa, mchana na usiku, na mwezi mzima nilirudi kwenye miwani. Hela niliyodhani nimeiokoa ilikwenda yote, ikachukua na nyingine.

Ndiyo maana mtu akiniuliza lenzi gani nzuri, simtajii kampuni. Namuuliza kama ataweza kuitupa siku yake ikifika bila roho kumuuma. Lenzi ambayo huwezi kumudu kuitupa si lenzi yako, hata kama ni nzuri kuliko zote dukani. Hatua zinazofuata zote zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Hesabu siku utakazovaa

Lenzi laini za kutupa ziko za aina tatu: za siku moja, za wiki mbili na za mwezi. Za siku moja unazivaa asubuhi, jioni unazitupa. Za wiki mbili na za mwezi unazivua kila jioni, unazisafisha kwa dawa yake, unazilaza kwenye kikasha, kesho unazivaa tena.

Hapa wengi huteleza. "Mwezi" unaanza kuhesabiwa siku uliyofungua kifuko, na siku ulizozivaa hazihusiki. Ukifungua tarehe 1, ukavaa mara tano tu, tarehe 30 zinakwenda kwenye pipa vilevile. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu kwenye boksi au weka kengele kwenye simu, kwa sababu kichwa hakikumbuki.

Sasa piga hesabu. Anayevaa kila siku anahitaji lenzi 730 za siku moja kwa mwaka. Anayevaa za mwezi anahitaji 24, na juu yake chupa za dawa pamoja na kikasha kipya angalau kila miezi mitatu. Kwa mvaaji wa kila siku, za mwezi kwa kawaida ndizo nafuu. Lakini chukua mtu anayevaa Ijumaa na Jumapili tu, siku nyingine yuko na miwani. Huyo anahitaji jozi 104 kwa mwaka. Akinunua za siku moja kwenye maboksi ya lenzi 30, ni maboksi manne kwa kila jicho, jumla manane. Kama macho yake yote mawili yana namba ileile, saba yanamtosha, maana macho yatachangia boksi. Mtu huyohuyo akichukua za mwezi, bado atahitaji lenzi 24 na dawa ya mwaka mzima, na sehemu kubwa ya maisha ya lenzi hizo itaishia kwenye kikasha. Ukiuliza bei, igawanye kwa idadi ya lenzi, halafu zidisha kwa siku zako halisi. Bei ya boksi peke yake haikuambii kitu.

Ushauri wangu ni huu: anayeanza, kijana wa shule, msafiri na mvaaji wa mara mojamoja wachukue za siku moja. Kama mfuko unafika kwenye za siku moja kwa kuzivuta siku mbili tatu, usizinunue. Chukua za mwezi, au vaa za siku moja mara chache na siku zilizobaki vaa miwani. Miwani haijawahi kumpeleka mtu wodi ya macho.

Hatua ya 2: Angalia maji, moshi na vumbi vya kwako

Nitakaa hapa kidogo, maana vijikaratasi vya ndani ya boksi havikuandikwa na mtu anayeoga kwa ndoo.

Maji hayatakiwi kugusa lenzi. Ya bomba, ya kisima, ya tangi la juu ya nyumba, ya chupa ya dukani, hata yaliyochemshwa yakapoa. Kwenye maji na udongo huishi kijidudu cha seli moja kiitwacho Acanthamoeba. Kikinata kwenye lenzi na kuingia kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, kinaleta maumivu makali na matibabu ya miezi mingi, na wapo waliopoteza uoni. Mate nayo yamo katika marufuku hii. Nimeona mtu kwenye daladala akilamba lenzi iliyodondoka na kuirudisha jichoni.

Kwa hiyo jiulize: kwako kuna sinki lenye maji yanayotiririka na sabuni, au unanawa kwa kopo? Kuna mahali pakavu pa kuweka kikasha mbali na bafu? Kadiri mazingira ya maji yanavyokuwa magumu ndivyo lenzi za siku moja zinavyozidi kustahili bei yake, kwa sababu zinaondoa kikasha, na kikasha ndicho kinachofuga wadudu. Mikono bado utainawa kwa sabuni, lakini uikaushe kabisa kwa taulo safi isiyoacha manyoya kabla ya kugusa lenzi.

Kuoga na kuogelea, vua kwanza. Baharini, bwawani, Ziwa Victoria, kote ni hivyo. Wimbi likikumwagikia usoni ukiwa umevaa za siku moja, zitoe uzitupe. Kwa wanaotawadha mara tano kwa siku, kuosha uso hakudai maji yaingie ndani ya jicho: fumba macho barabara, futa maji kwenye kope kabla ya kufumbua. 

Moshi nao. Anayepika kwa mkaa au kuni, na nyumba ambayo udi haukauki, atagundua lenzi inachoma mapema. Si hatari kama maji, ila jicho litakauka na kuwasha. Fukiza udi kabla ya kuvaa, au vua kabla ya kufukiza. Wanja ni hadithi nyingine: ukipaka ndani ya ukingo wa kope, chembe zake huingia chini ya lenzi na kukwaruza. Paka nje ya mstari wa kope. Na utaratibu ni mmoja siku zote, lenzi kwanza, vipodozi baadaye. Jioni lenzi hutoka kabla hujagusa pamba ya kuondolea vipodozi.

Anayepanda bodaboda kila siku avae miwani ya jua iliyokumbatia uso au ateremshe kioo cha helmeti. Anayekaa mbele ya kompyuta kwenye kiyoyozi atapata ukavu, kwa kuwa mtu akikodolea kioo hupepesa macho kwa nadra.

Mwisho katika hatua hii: kama tangu utotoni macho yako huwasha, hutoa utelezi na wewe huyafikicha, usiende kununua lenzi. Nenda kwanza utibiwe mzio. Kufikicha kwa miaka kunahusishwa na konea kuchongoka kama koni, na konea ya namna hiyo mara nyingi haisahihishwi na lenzi laini za kutupa, inahitaji lenzi ngumu zinazotengenezwa kwa kipimo chake.

Hatua ya 3: Pimwa kwa ajili ya lenzi, siyo kwa ajili ya miwani

Karatasi yako ya miwani haitoshi. Miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi hukaa juu yake, na umbali huo mdogo hubadilisha namba kuanzia nguvu ya 4.00 kwenda juu. Mwenye miwani ya -6.00 huishia karibu na -5.50 kwenye lenzi. Wa -8.00 hushuka hadi karibu -7.25. Wa +5.00 yeye hupanda, akafika karibu +5.25. Ukinunua kwa kunakili namba ya miwani utapata kichwa kuuma na kuilaumu lenzi.

Mtaalamu atapima pia mbinuko wa konea, atatazama machozi yako yanadumu sekunde ngapi kabla ya kukatika, na atapindua kope la juu aone kama kuna vipele. Tanzania wataalamu wa optometria husomea KCMC Moshi, na Kenya kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kwa hiyo watu waliosomea kazi hii wapo. Lakini si kila duka la miwani linapima kwa ajili ya lenzi. Piga simu uulize hivi: "Mnazo lenzi za majaribio?" Wakisema hawana, watakuwa wanabahatisha kwa jicho lako.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma boksi

Ubavuni mwa boksi kuna herufi chache. Ukizielewa hutauziwa kitu usichokitaka.

PWR, D au SPH ni nguvu. Alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali vizuri, alama ya kujumlisha ni ya mwenye shida ya karibu. OD kwenye karatasi ya vipimo ni jicho la kulia, OS la kushoto. Ni Kilatini kilichobaki hospitalini.

BC ni mbinuko wa mgongo wa lenzi kwa milimita, mara nyingi kati ya 8.3 na 9.0. Namba ndogo ni lenzi iliyobinuka zaidi. DIA ni upana, kwa kawaida 13.8 hadi 14.5. Angalia jambo hili: 8.6 ya kampuni moja na 8.6 ya kampuni nyingine zinaweza kukaa tofauti kabisa jichoni, kwa sababu upana na ugumu wa plastiki si sawa. Muuzaji akikuambia "hii ni ileile, inafanana BC", mwambie unakwenda kuuliza kwanza.

CYL na AX ni za mwenye astigmatizimu, yaani konea yake imejibinua kama ubavu wa yai badala ya mpira. Lenzi zake huitwa toriki na hutengenezwa zisizunguke jichoni. Kwa za siku moja, CYL nyingi huja kwa hatua za -0.75, -1.25, -1.75 na -2.25, hivyo namba yako haitapatikana kamili kila mara. Mtaalamu huchagua ya jirani. Kama CYL yako ni kubwa kuliko hapo, za mwezi zina chaguo pana zaidi.

ADD ni ya waliovuka miaka arobaini ambao simu inaanza kusomwa kwa mkono ulionyooshwa. Zipo lenzi zenye nguvu ya mbali na ya karibu kwa pamoja, ila zinahitaji uvumilivu, na wengine hawazizoei kamwe. Njia nyepesi ni lenzi za mbali na miwani ndogo ya kusomea juu yake.

Hatua ya 5: Chagua plastiki yenyewe

Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huipata hewani kupitia machozi, na wewe unataka kuifunika kwa plastiki saa kumi na mbili. Hiyo ndiyo sababu ya kuuliza lenzi imetengenezwa kwa nini.

Lenzi laini ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilizaliwa mezani nyumbani. Wakati wa Krismasi ya 1961, mkemia wa Prague, Otto Wichterle, alitengeneza lenzi kwa kuzizungusha kwenye mashine aliyoiunda kwa vyuma vya kuchezea vya wanawe. Plastiki yake ilinywa maji, na oksijeni ilipita ndani ya maji hayo. Haidrojeli za leo ni wajukuu wa plastiki hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaingia sokoni za silikoni haidrojeli, ambazo oksijeni hupita zaidi kwenye silikoni yenyewe.

Kutokana na hilo, namba ya asilimia ya maji kwenye boksi inadanganya wengi. Kwenye haidrojeli ya kawaida, maji mengi ni oksijeni nyingi. Kwenye silikoni, lenzi yenye maji machache inaweza kupitisha oksijeni mara kadhaa zaidi. Namba ya kuuliza ni Dk/t, yaani kipimo cha oksijeni inayopita kwenye lenzi. Mwaka 1984 watafiti Brien Holden na George Mertz walipendekeza kiwango cha takribani 24 kwa kuvaa mchana na 87 kwa kulala nazo. Kwa mfano, 1-Day Acuvue Moist, haidrojeli yenye maji asilimia 58, iko karibu na 25. Clariti 1 day, silikoni yenye maji asilimia 56, iko karibu na 86. Dailies Total1, yenye maji asilimia 33 tu katikati lakini zaidi ya 80 kwenye ngozi yake ya nje, iko karibu na 156.

Usikimbilie kubwa kuliko zote. Anayevaa saa sita kwa siku na kuvua jioni anaweza kuishi vizuri na haidrojeli, tena baadhi ya watu huiona laini zaidi na hugharimu kidogo. Anayetoka alfajiri na kurudi saa tatu usiku kwa foleni za Mbagala au Thika Road, huyo alipie silikoni. Na kulala nazo, hata usingizi wa basi la Mwanza, acha. Hatari ya maambukizi hupanda mara kadhaa, haidhuru Dk/t iwe ngapi.

Hatua ya 6: Jaribu kabla hujalipia boksi

Omba lenzi za majaribio. Zikiingia, kaa dakika 15 hadi 20 ndipo mtaalamu atazame kwa darubini. Lenzi iliyokaa vizuri hufunika konea yote na hutikisika kidogo sana ukipepesa. Isiyotikisika kabisa imebana, nayo ina ujanja: siku ya kwanza utaiona tamu kuliko zote, jioni jicho linakuwa jekundu. Ile inayoteleza ovyo imelegea.

Nenda nazo nyumbani. Siku ya kwanza zivae kwa muda wa saa nne tu, kisha ongeza saa mbili kila siku. Zivae kwenye maisha yako halisi: ofisini, jikoni, safarini. Rudi baada ya wiki moja au mbili ukaangaliwe tena, hata kama huoni tatizo. Ukiona saa nane mchana unahesabu dakika za kuzivua, sema. Kuna aina nyingine ya kujaribu, na hiyo ndiyo maana ya majaribio.

Hatua ya 7: Unaponunua

Boksi liwe halijafunguliwa, na kila kifuko kiwe na namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Foili iliyovimba au kutoboka, kataa. Usinunue ya mwaka mzima mara ya kwanza. Miezi mitatu inatosha kujua. Ukiagiza nje au ukimtuma ndugu aliye Dubai au London, mpe picha ya karatasi ya lenzi yenye jina kamili, BC, DIA na nguvu, na umkataze kuleta "inayofanana".

Lenzi za rangi zinazouzwa saluni na mitandaoni kwa harusi, namba moja kwa watu wote, ziache. Hata zisizo na nguvu zinahitaji kupimwa. Marekani ilizifanya kwa sheria ya 2005 kuwa vifaa vya tiba vinavyohitaji cheti, sawa na nyingine zote. Na kuazimana lenzi na bibi harusi ni kuazimana wadudu.

Kama umechagua za mwezi, nunua dawa ya kuua vijidudu. Salaini ni ya kusuuzia, haiui kitu. Kila usiku mwaga dawa ya jana yote, sugua lenzi kiganjani kwa dawa mpya, suuza, laza. Dawa za haidrojeni peroksaidi husafisha vizuri lakini lazima lenzi zikae ndani yake, kwenye kikasha chake maalumu, saa sita au zaidi. Ukiiweka lenzi jichoni kabla ya hapo utapiga kelele majirani waje.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza kioo ni rafiki

Anza na jicho lilelile kila siku, usije ukachanganya. Weka lenzi ncha ya kidole uitazame kwa ubavu: ikiwa kama bakuli la uji, iko sawa, kingo zikitanuka kama sahani, imegeuka. Vuta kope la chini kwa kidole cha kati na la juu kwa mkono mwingine, tazama juu, iweke polepole. Kuvua, iteleze kwenye weupe wa jicho kisha ibane kwa nyama ya vidole, bila kucha.

Siku ya kukata pilipili vaa miwani. Nimenawa kwa sabuni mara tatu, nikanawa kwa limau, na jioni bado nilipogusa lenzi nililia kama mwenye msiba. Pilipili mbuzi na ile iliyomo ndani ya kachumbari hazina huruma na jicho.

Kila asubuhi jitazame: jicho ni jeupe? Haliumi? Linaona sawasawa? Moja likiwa hapana, lenzi haiingii. Wekundu pamoja na maumivu, ukungu au kuogopa mwanga ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, si ya duka la dawa. Nenda na lenzi yenyewe na boksi lake. Kwa hiyo miwani yenye namba yako ya sasa iwepo nyumbani daima. Asiye na miwani ndiye anayelazimisha lenzi kwenye jicho linalouma.

Na jioni, ile ya siku moja, iangushe kwenye pipa la taka. Usiiteremshe kwenye sinki wala chooni, ni plastiki na haiozi. Mimi nina kopo la aiskrimu bafuni kwa kazi hiyo.